Panya hatafuni nyavu kwa njaa tu

Mkuu, unasema panya wanatafuna nyavu zako za kuvulia kwa sababu ya njaa; siyo njaa tu. Meno manne ya mbele ya panya hayakomi kukua, yanapita sentimita 10 kwa mwaka, kwa hiyo lazima ayapunguze kwa kutafuna, iwe waya, sabuni au hizo nyavu zako. Upande wa mbele wenye unjano ni mgumu, wa nyuma laini unalika haraka, ndiyo maana jino linabaki kali kama patasi. Na vipande hamezi, midomo hujifunga nyuma ya meno hayo. Sisi huku Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, tulikuta chenga za nailoni zimejaa sakafuni, nyavu ina tundu la kupita ngumi. Ila nyavu zikibaki na harufu ya dagaa, hapo njaa nayo imo. Zioshe, uzianike zikauke, uzitundike juu.