Faili la malipo ndilo lichague mfumo

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha kahawa, Moshi Vijijini. Kompyuta ya ofisi ni i5-7200U yenye Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Malipo ya wakulima yamo kwenye faili la Excel lenye vitufe vya kukata mikopo na kuchapa stakabadhi. Fundi wa hapa mjini ananiambia nihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, haina gharama. Nihame?

JIBU: Subiri kwanza, ndugu karani. Fungua nakala ya faili, bonyeza Alt na F11. Ukikuta mistari ya msimbo ndani ya moduli, hizo ni makro za VBA, yaani maagizo yanayoendesha vitufe vyako, na shida kubwa iko hapo. Fomula kama SUMIF na VLOOKUP hazisumbui popote.

Huna haja ya kufuta Windows ili ujaribu. LibreOffice, programu utakayotumia badala ya Excel ukihamia Linux, inaingia kwenye kompyuta hiyohiyo ya Windows, bure. Ina kawaida ya kuzuia makro, kwa hiyo shusha usalama wake hadi kiwango cha kati, fungua nakala upya na ukubali makro. Pitisha malipo ya msimu uliopita, kisha linganisha kilo, makato na shilingi, mkulima kwa mkulima. Jumla kuu inaweza kulingana huku makosa mawili yakifutana. Vitufe vya ActiveX, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, ndivyo hugoma mara nyingi. Fomula ya XLOOKUP nayo haieleweki kwenye LibreOffice iliyo chini ya toleo la 24.8. Kitu kimoja jaribio hili halitakifichua: njia za mafaili zinazoanza na C:\, ambazo Linux haina. Zitafute kwa macho ndani ya msimbo. Na ukihifadhi kama .xlsx badala ya .xlsm, makro zimekwenda.

Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi VBA kabisa. Excel ya Mac huendesha makro nyingi, lakini ActiveX haina.

Vitufe vikigoma, baki na Windows, ila uhamie Windows 11 inayopata masasisho. Prosesa yako ni ya kizazi cha 7, na Windows 11 rasmi huanzia cha 8 kwa Intel. Wapo wanaoilazimisha iingie. Kwa fedha za wakulima hatushauri. Ukienda kununua kompyuta iliyotumika, Moshi au Arusha, usiridhike na neno "i5": tazama tarakimu baada ya kistari (i5-8250U, ya kizazi cha 8, inafaa), kisha bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, uone toleo 2.0 la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai.

Vikifanya kazi, iwashe Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, kutoka kwenye flashi kabla ya kuisimika, uchape stakabadhi moja kwa printa yenu.