Nani alimkanda Maria?

Mleta mada, umeuliza kwa nini Mathayo na Luka kila mmoja anasimulia kuzaliwa kwa Yesu na lake, na Mkristo ataendeleaje kuamini ilhali maswali yamebaki vilevile. Mie Mwanglikana wa hapa Unguja, nasali kanisa la Mkunazini. Theolojia sikusomea. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Mengi ya maswali yako nayajua na wala hayaninyimi usingizi. Luka anasema Yesu alizaliwa wakati wa hesabu ya watu ya Kirenio, liwali wa Shamu, nayo inawekwa mwaka wa 6 baada ya Kristo; Mathayo anasema mfalme alikuwa Herode, naye kwa hesabu ya wengi alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Nimesoma maelezo ya kila aina, hakuna lililonikata kiu, nikaacha. Mamajusi, wale wageni wa mashariki, Mathayo hakusema ni watatu, zilizo tatu ni zawadi. Ng'ombe na punda tunaowapanga kwenye pango kila Krismasi hawamo kabisa kwenye simulizi. Sawa, tuendelee.

Swali langu mie lilitoka kwa jirani.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Disemba. Mama yuko Masasi na nauli ya kumleta haikupatikana. Mume wangu kazi yake ni ya Pemba, leo yupo kesho hayupo. Hospitali walinitoa siku ya pili, nikarudi chumbani na kitoto na mkoba wangu. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, Mwislamu, ambaye tulikuwa tukiamkiana tu mlangoni, akaingia bila kuitwa. Akabandika maji. Akanikanda kwa kitambaa cha moto mpaka nikatokwa na machozi, akanifunga mkaja tumboni, akanipikia uji wa pilipili manga, akasimama juu yangu mpaka nikaumaliza. Jioni akafukiza ubani chumba kizima. Akafanya hivyo siku zote arobaini.

Mkesha wa Krismasi sikuweza kwenda kanisani. Nikasoma Luka sura ya pili kwa sauti, yeye anamwogesha mtoto miguuni pake. Nilipofika pale "akamvika nguo za kitoto, akamlaza", akanikatiza.

"Nani alimvika?"

Maria mwenyewe, Bibi.

"Mkunga yuko wapi?"

Hakutajwa.

"Na mamake?"

Hakutajwa.

"Sasa nani alimkanda?"

Nikaurudia mstari. Akamzaa, akamvika, akamlaza: yote matatu kafanya mzazi mwenyewe. Tangu Sunday skuli nausikia mstari ule kila mwaka, na sikuwahi kujiuliza yule msichana aliinukaje kumvika mtoto. Bibi akaniambia kwao, katika Surat Maryam, uchungu ulimpeleka Bi Maryamu kwenye shina la mtende akiwa peke yake, akatamani angekufa kabla ya siku ile, ndipo akaambiwa alitikise shina zimwangukie tende mbivu, ale na anywe. "Angalau huku kala," akasema, akaendelea kumkausha mtoto.

Nilipopata nguvu nikaanza kutafuta. Jambo moja lilinipoza moyo kidogo. Pale tunaposoma hawakupata nafasi katika "nyumba ya wageni", Luka ametumia neno la Kigiriki kataluma. Neno hilohilo analitumia sura ya 22 kwa chumba cha wageni alimokula Pasaka Yesu na wanafunzi wake. Nyumba ya kulala wasafiri, ile ya Msamaria mwema, aliiita kwa neno jingine kabisa. Kwa hiyo huenda wala hapakuwa na gesti iliyojaa, ni nyumba ya jamaa iliyojaa, wakasogezwa kwenye hori la kulishia mifugo. Na hilo linaniingia akilini. Yusufu alikuwa anarudi kwao! Mtu wa Wete aende kwao na mke mwenye mimba kubwa akose hata pembe ya ukumbi? Na nyumba iliyojaa ndugu haikosi shangazi. Lakini Luka hakumtaja shangazi yeyote, nami siwezi kumwandikia.

Arobaini yake inaonekana, ukitazama. Torati inahesabu siku 7 na nyingine 33 kwa mama wa mtoto wa kiume, na Luka anasema siku zilipotimia wakapanda Yerusalemu na sadaka ya njiwa wawili, sadaka ya mama asiyemudu mwanakondoo. Kumbe mpaka hapo dhahabu ya mamajusi ilikuwa haijafika. Mathayo naye anasema walimkuta mtoto nyumbani, na Herode aliua wa miaka miwili kushuka chini.

Nilimweleza Bibi hayo. Uvumba na manemane mie nilifundishwa kuwa ni alama za Uungu na mauti. Yeye alicheka. Kwake uvumba ndio ubani wa kumfukizia mzazi na manemane ni dawa, vyote unavipata soko la Darajani. "Walileta vitu vya uzazi," akasema, "lakini wanaume hao! Arobaini imekwisha ndio wanabisha hodi."

Kama naamini? Naamini. Kanisa letu limejengwa palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa. Mstari ule ukisomwa mle ndani nawawaza waliofikishwa pale na watoto wachanga mgongoni, ambao nao hakuna aliyeandika nani aliwakanda. Namwomba Mungu hali swali ninalo mkononi, na sijaona akinifukuza. Zaidi ya hapo sina la kukupa, mleta mada.

Mtoto sasa yuko darasa la pili. Krismasi iliyopita nilimpelekea Bibi sahani ya pilau, akaniuliza kama nimeshampata mkunga. Nikamwambia bado. Akafunua sahani, akanusa, akauliza, "Na huyo Yusufu, uji alijua kupika?"

Nikamwambia Luka hakusema.