Mama alivimba midomo baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha za CT scan, arudie?

Dada wa Kondoa, kwa kuwa mama alivimba midomo na kukosa pumzi mara ya kwanza, mwambie daktari leo, msisubiri mfike Dodoma mkiwa mlangoni pa chumba cha kipimo. Wanaweza kubadilisha dawa, au kipimo chenyewe. Hilo unalouliza, kama aache kula samaki, halihusiani kabisa.

Ikitokea tena, dawa ya kwanza ni adrenalini: kwa mtu mzima miligramu 0.5, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Piriton, dawa ya mzio, peke yake haimwokoi. Alale, miguu juu; akihema kwa shida, aketi. Asisimamishwe.

Akimaliza salama, msikimbilie basi. Kaeni palepale dakika 30, kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa) ikiwa bado mkononi.