Kwa dada wa Kigamboni: mume akitishia kuvuka mpaka na mtoto

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika jana usiku nikakosa usingizi. Umesema mumeo ana uraia wa Marekani, mtoto wenu ana miaka mitano, na tangu mlipoanza kugombana anakwambia, "Siku moja utarudi kazini ukute nyumba kimya." Unauliza kama kuna lolote unaloweza kufanya kabla hajaondoka naye. Lipo. Mimi yalinikuta mwaka 2022, na mume wangu ambaye kwao ni Mombasa. Nitakueleza nilivyofanya, pamoja na pale nilipochelewa.

Wengine waliokujibu wamekwambia tulia, anakutisha tu. Mimi nilitulia wiki tatu. Jumatano moja jioni namwogesha mwanangu, akaniambia, "Mama, baba kasema tutapanda basi lenye choo ndani." Nikamfunga taulo, nikaenda kwenye bahasha ya plastiki niliyokuwa naiweka chini ya godoro. Kadi ya kliniki ipo. Vyeti vyangu vya shule vipo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakipo. Nilikaa sakafuni na ile bahasha hadi mtoto akaja kuniuliza mbona simvalishi nguo.

Kesho yake asubuhi nikaenda kituo kimoja cha polisi. Askari wa zamu akasema, "Mama, huyo ni baba yake. Mtu hamwibi mwanawe." Iliniuma sana, ila baadaye nilielewa. Mkiwa ndani ya ndoa na hakuna amri ya mahakama, wote wawili ni wazazi wenye haki juu ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye, lakini kama mahakama haijasema nani ana haki hiyo, askari anaona ugomvi wa mke na mume, na afisa wa mpakani anaona baba anasafiri na mwanawe. Unahitaji karatasi yenye muhuri, na uwe nayo kabla hajafunga begi.

Aliyenifungua macho ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Nilikuwa nadhani lazima kwanza nidai talaka. Akaniambia hapana. Talaka lazima ipitie baraza la usuluhishi la ndoa, na huko mnaweza kukaa miezi. Maombi ya kukaa na mtoto hayasubiri talaka. Mzazi anayapeleka Mahakama ya Watoto, na kwa Dar es Salaam ipo Kisutu. Kwa wewe wa Kigamboni, ulizia pia Kituo Jumuishi cha Temeke, pale wanashughulikia mashauri ya familia. Kama huna pesa ya wakili, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria, wanawasaidia wanawake. Mimi nilisaidiwa bure na binti mmoja mwanasheria, hadi leo namwombea dua.

Tulipeleka maombi chini ya hati ya dharura, yaani yasikilizwe haraka, tukiomba mambo mawili: mtoto akae kwangu, na baba azuiwe kumtoa nje ya mipaka ya Tanzania bila idhini ya mahakama hadi shauri liishe. Hilo la pili si jambo la ajabu. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe nchini. Sheria hiyohiyo ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, ingawa baba anaruhusiwa kuipinga kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa iangalie ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamishahamisha. Wako ana mitano, kwa hiyo hilo litakusaidia, ila usiliegemee peke yake. Peleka barua ya shule, kadi ya kliniki, jina la jirani anayemchukua shuleni ukichelewa. Hakimu aone maisha ya mtoto yalipo.

Kwenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi yanayoambatana na maombi, binti yule mwanasheria alinizuia nisiandike "mume wangu ni mbaya". Alitaka tarehe na maneno. Lini alitamka, mbele ya nani, ujumbe upi wa WhatsApp, cheti kilipotea siku gani. Kwa hiyo zile meseji zako usizifute hata kama zinakuumiza, na usimjibu kwa matusi, maana hakimu atasoma na majibu yako. Ushahidi wa simu unapokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila tunza simu yenyewe, picha za skrini peke yake zinazua ubishi.

Tulifungua Jumatatu, Alhamisi nikapata amri ya muda. Isome kabla hujatoka mahakamani. Jina la mtoto liwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa iwepo. Jina la baba liwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Kwenye yangu waliandika jina la mtoto kwa "Y" badala ya "I", nikarudi dirishani wakasahihisha. Afisa mpakani analinganisha karatasi na karatasi, hakujui wewe wala mwanao. Na kama mtoto ana pasipoti, omba amri iseme ikabidhiwe mahakamani.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapolala, nami nakusihi usilale. Amri haijipeleki mpakani yenyewe. Mimi nilitoa nakala saba, zote zikagongwa muhuri wa mahakama, nikazipeleka kwa mkono. Uhamiaji Kurasini nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita, nikasubiri nakala yangu igongwe "IMEPOKELEWA" kwa wino wa zambarau, na nikamwomba afisa aandike jina lake na tarehe. Nyingine uwanja wa ndege. Nyingine shuleni, kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nikimwambia asimtoe mtoto bila kunipigia. Nyingine kituo cha polisi kilekile cha mwanzo, Dawati la Jinsia na Watoto, na safari hii nilipewa kiti. Ya mwisho kaka yangu alipanda nayo basi hadi Tanga na kuifikisha Horohoro, mpakani na Kenya, kwa sababu anayekwenda Mombasa kwa barabara hupita huko. Wifi yangu aliona tunatupa nauli.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, baba yake alimchukua saa moja asubuhi, kwamba wanakwenda Kariakoo kununua viatu. Amri haikumkataza kuwa na mtoto mwisho wa wiki, na sikutaka kumkataza. Saa nane mchana simu yake haipatikani. Saa kumi na moja jioni nikapigiwa na namba ngeni, sauti ya mwanamke: "Mama, tuna mtoto hapa Horohoro, na tuna karatasi yako."

Kaka aliazima gari, tukafika baada ya saa sita usiku. Mwanangu alikuwa amelala kwenye benchi la ofisi, amefunikwa khanga ya yule afisa. Miguuni ana viatu vipya, bei bado imebandikwa kwenye soli. Viatu kweli alinunuliwa. Baba yake alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, ameinamisha kichwa, hatukusemeshana. Mezani palikuwa na kile cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mama yenye sahihi inayofanana na yangu sana. Sikuwahi kuisaini. Afisa akaniambia bila ile nakala ya amri kwenye faili lao, barua ile angeikubali.

Kwa upande wa Marekani mambo ni tofauti kidogo. Hukusema kama mtoto ana pasipoti ya huko. Sheria yetu inakataza uraia pacha kwa mtu mzima, lakini mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili hadi afikishe miaka 18, kwa hiyo kuzuia pasipoti ya Tanzania peke yake hakutoshi. Kama hana, una nguvu: kwa mtoto wa chini ya miaka 16 Wamarekani wanataka ridhaa ya wazazi wote wawili ndipo watoe pasipoti. Wana pia utaratibu wa tahadhari ambao mzazi anamwandikisha mtoto, na likija ombi la pasipoti kwa jina lake wanamtaarifu mzazi huyo. Uliza ubalozi wao hapa Dar, nenda na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako na nakala ya amri. Lakini kama pasipoti tayari ipo, tahadhari hiyo haiifuti, ndiyo maana nimesema amri itaje ikabidhiwe mahakamani. Na usisaini karatasi yoyote anayokuletea haraka haraka, hata akisema ni ya bima.

Kuna mtu amekuandikia kwamba hata akiondoka naye, dunia ina mkataba wa kurudisha watoto. Upo, wa The Hague wa 1980, na ni mzuri kwa nchi zilizomo. Tanzania haimo. Kenya nayo haimo. Marekani imo, lakini mkataba huo unafanya kazi kati ya nchi zote mbili zikiwa zimejiunga na kukubaliana. Maana yake, mtoto akishavuka utaanza upya, na wakili wa huko, kwa sheria za huko, mtoto akizidi kuzoea shule na marafiki wapya kila mwezi unaopita. Kila hatua niliyokueleza inafanyika kwa nauli ya daladala. Baada ya mpaka ni tiketi za ndege na viza.

Jambo moja nisiloafiki kabisa ni ule ushauri uliopewa na wengine wa kumficha mtoto kwa bibi yake Singida na kuzima simu. Nilifikiria hivyohivyo usiku ule wa bahasha. Ukifanya hivyo wewe ndiye unayeonekana umemwondoa mtoto, na baba atakwenda Kisutu kabla yako. Tena mtoto anampenda baba yake, wangu hadi leo anamsubiri. Kama kuna kipigo nyumbani hilo ni jingine: ondoka na mtoto, nenda Dawati la Jinsia siku hiyohiyo, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na Ustawi wa Jamii wajue mlipo.

Zanzibar pia uiangalie, kwa sababu watu husahau boti. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini mahakama na sheria za ndoa za kule ni zao. Mwanasheria wako akushauri kama amri iombewe nguvu na huko, na nakala ifike uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume.

Kesho asubuhi hakikisha cheti cha kuzaliwa kipo. Kama hakipo, omba nakala RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, kisha nenda Ustawi wa Jamii wa manispaa yenu. Vyeti vyote vitoe nyumbani, kaviweke kwa mtu unayemwamini. Nina nakala ya kiapo changu, nimefuta majina, nitakutumia pembeni umwonyeshe mwanasheria. Na kama unaogopa kwenda Kisutu peke yako, niambie siku. Nafanya kazi Posta, nitakusubiri getini.