Sabufa ya inchi ngapi kwa sebule ya mita 4 kwa 5?

Kaka, umeuliza kama sebule yako ya mita 4 kwa 5 hapo Shangani, Mtwara, inataka sabufa ya inchi 12 au 15. Chukua ya inchi 10, au 12 ukiwa mpenzi wa filamu za milipuko. Ya 15 achana nayo: kuta za tofali na sakafu ya vigae hurudisha sauti, besi itavuma na maneno ya waigizaji yatapotea.

Zile "wati 5000" za kwenye boksi zisikubabaishe, hiyo ni PMPO, namba ya kuuzia tu. Uliza RMS, yaani wati halisi inazoweza kutoa mfululizo; 150 hadi 200 zinakutosha kabisa. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma: inayokula umeme wa wati 80 haiwezi kutoa sauti ya wati 200 mfululizo, muuzaji aseme atakavyo.

Kuhusu pa kuiweka, iweke kwanza kwenye kochi unalokalia, piga muziki wenye besi, kisha zunguka chumba umeinama. Utakaposikia besi safi, isiyovuma, ndipo mahali pake. Mpaka wa masafa (crossover), yaani pale sabufa inapopokea sauti nzito kutoka spika nyingine, anzia hertz 80.