Fundi Anajibu: Chaji ya wati 15, mbona Pi bado inaonyesha radi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji. Klabu yetu ya kompyuta imepata Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Monita tulizonazo ni za zamani, zenye tundu la VGA, na adapta ya HDMI niliyonunua haiingii kabisa kwenye Pi. Kwa kebo ya kuazima niliiunga kwenye televisheni, picha ikatoka, ila kuna alama ya radi pembeni. Nikichomeka diski ya nje yenye masomo ya video, inalia tik-tik na kompyuta inajizima na kuwaka upya. Chaji ni ya simu, wati 15, na nimesoma kuwa ndizo zinazotakiwa. Ninunue nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hujatoa hela, geuza hiyo chaji usome maandishi madogo ya mgongoni. Nyingi ninazoziona hapa Mwanga zimeandikwa 5V 2A, kisha 9V 1.67A. Zidisha: wati 15 zinapatikana kwenye volti 9, na volti 9 haitoki mpaka kifaa kiiombe. Simu huiomba. Pi 4 haiombi, yenyewe ni volti 5 tu, kwa hiyo hapo unapata wati 10. Inachotaka ni volti 5.1 kwa ampea 3. Radi hutokea umeme unaoifikia ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, na waya mrefu mwembamba huushusha zaidi. Ndiyo maana napenda chaji rasmi ya Pi 4: waya wake umeungwa humo humo, huwezi kuubadilisha na wa ovyo.

Ukishabadilisha, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme uko sawa tangu ilipowashwa.

Kuhusu monita: Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI ndogo kabisa, maikro. Kuna nyingine ya kati, mini, na wauzaji huzichanganya, basi nenda dukani na Pi yenyewe mkononi ujaribishe. HDMI ni ya dijitali, VGA ni ya analojia, hivyo lazima ndani ya adapta kuwe na chipu ya kugeuza. Waya mtupu wenye vichwa viwili hautatoa picha. Hakikisha pia inatoka HDMI kwenda VGA, kwa sababu ile ya kinyume inafanana nayo sana na haitakusaidia. Chagua yenye mkia laini, maana ngumu inayoning'inia hulegeza tundu, na watoto wa klabu watachomeka na kuchomoa kutwa. Tumia tundu lililo karibu na la chaji.

Diski sasa. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2, na diski yenye mota inaweza kukaribia ampea nzima inapoanza kuzunguka. Itahitaji habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, yenye chaji yake. Ukiinunua, zima umeme wa Pi habu ikiwa inawaka. Taa ya Pi ikibaki, habu inarudisha umeme kinyume, irudishe dukani.

Hela ya klabu ikitosha kitu kimoja tu, anza na chaji. Televisheni unayo, na masomo ya video yahamishie kwenye flashi, haina mota ya kuzungusha.