Mpiganaji au mchawi wa wafu katika EverQuest?

Ndugu, umeuliza uanze na mpiganaji au mchawi wa wafu katika EverQuest, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni uliotoka mwaka 1999, nawe umesema unapata saa moja tu kila usiku, tena mara nyingi ukiwa peke yako. Kwa saa hiyo moja, chagua mchawi wa wafu bila kusita. Mpiganaji namheshimu sana, lakini hana uchawi wa kujiponya, hutegemea mno ubora wa silaha na deraya, na asipopata kikundi hubaki ameketi baada ya kila pambano akingoja afya irudi. Mchawi wa wafu huita kiunzi cha mifupa kimpiganie, naye husimama kando akimtia adui uchawi unaomla taratibu. Mambo yakiharibika, kuanzia ngazi ya 16, anaweza kujilaza chini akijifanya amekufa hadi maadui waondoke. Walinzi wa miji mingi humshambulia wakimwona, kwa hiyo jua mapema mahali pa kuuzia vitu vyako. Ukija kupata wenzako wa kudumu, kasisi mponyaji hutafutwa na kila kikundi, ila huyo itakubidi umwanzishe kama mhusika mpya.